Mstari Mweupe kwenye Picha ya Mama

Jumatatu, 5 Agosti
Vipande vitatu vya filamu ya zamani leo. Simu mezani, mwanga mweupe, kioo juu yake, kipande cha negativu juu ya kioo. Kamera kuukuu ya dijitali inatazama chini kutoka kwenye rafu. Napiga, nahamishia kwenye simu, nageuza rangi, waliokufa wanarudi. Kila picha ina mstari mweupe, kona ya juu kulia. Kamera yangu ya filamu inavujisha mwanga tangu ujana wake. Nimeuzoea kama kovu.
Mama hayumo. Picha yake pekee, niliyoipiga mwenyewe, ilishikana na kioo cha fremu mwaka wa mvua nyingi, uso ukabanduka. Negativu ilibaki kwa rafiki yangu Issa, mwenye studio Ruangwa. Filamu zangu zote kazisafisha yeye, na hadi leo hukoroga dawa mwenyewe. Zamani mwenye studio ndiye aliyetunza negativu; nilizonazo alinirudishia baadaye. Aliniambia boksi lenye ya Mama limeliwa na mchwa. Nililia mbele yake. Akanishika bega.

Alhamisi, 8 Agosti
Mwanahawa, binti wa Issa, kapiga simu. "Shikamoo baba mdogo. Njoo Jumamosi utupige picha ya familia. Ya filamu, siyo hizi za simu."
Nimefurahi kupita kiasi. Nina filamu moja tu. Itakuwa yao.

Jumamosi, 10 Agosti
Ruangwa. Issa mlangoni: "Karibu, mtu wa ng'ambo! Hujarudi kwenu tu?" Utani wa miaka hamsini, kwa sababu nilivuka Ruvuma mtoto, kutoka Msumbiji, mgongoni kwa Mama. Nilicheka, kama siku zote.
Siku zote pia tumekuwa tukiishia barazani, sebuleni sikuwahi kuingia. Issa alitaka picha ipigwe uani. Jua lilikuwa kali, Mwanahawa akawaingiza watu sebuleni. Nikaweka jicho kwenye kamera. Ukutani, juu ya kofia ya Issa: Mama. Ndonya kwenye tundu la mdomo wa juu, kitambaa kimefungwa upande.
"Huyo bibi yetu, mama yake baba," alisema Mwanahawa. "Mmwera hasa!"
Issa alitazama sakafu. Nilipiga.

Jumapili, 11 Agosti
Nimejaribu kujidanganya. Wanawake wengi walivaa ndonya. Lakini mstari niliuona. Kona ya juu kulia.
Mchwa hawakula kitu. Aliniacha nilie.

Jumatano, 14 Agosti
Nimerudi Ruangwa. Issa alikuwa peke yake barazani, anabangua korosho. Nikamwambia nipe Mama.
Hakubisha. Alisema, "Nimepiga picha Ruangwa nzima. Mama yangu nilikuwa namwambia kesho. Kesho, kesho, mpaka tukamzika. Watoto wakaniuliza bibi yao alikuwaje. Ningewaonyesha nini?"
Akaleta bahasha. Negativu safi, haina mkwaruzo. Kaitunza kuliko nilivyotunza zangu. Hilo limenikasirisha zaidi. Akaomba nisiwaambie watoto.
Miaka hamsini mimi ni mtu wa ng'ambo. Mama yangu kamfanya Mmwera, mwenyeji wa Ruangwa.
Mwanahawa akatokea na maji. "Baba mdogo, leo mbona hucheki? Mmegombana, wazee?"
Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema nimechoka na safari. Sasa na mimi nimemdanganya. Nimerudi nyumbani Nachingwea nikiwa na bahasha kifuani, na aibu isiyo yangu.

Ijumaa, 16 Agosti
Asubuhi tulivu. Negativu ya Mama nimeipiga mara moja tu, nikageuza rangi. Akanitazama. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ya picha ile alikuwa anajizuia kucheka.
Simu ina kitufe cha kufuta madoa. Kidole kilifika pale. Mstari nimeuacha.
Sijamsamehe Issa. Sijui kama nitamsamehe. Picha ya familia yake ingali ndani ya kamera, na Mama ukutani juu yao. Wa kuisafisha, huku kwetu, ni yeye peke yake.