Kipimo cha Mkono wa Malivan

Luang Prabang,
Laos.
20 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Malivan,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako Buakham. U hali gani huko Lyon? Baridi imeshaanza kukung'ata? Sisi huku hatujambo, ila goti langu linanisumbua kila mvua zinapokwisha. Bibi yako anakula, analala na kunigombeza, kwa hiyo ni mzima.

Barua yako nimeipata. Nilifurahi mpaka nikaunguza majani ya mtoni niliyokuwa nakaanga, na mume wangu Sisuk akala mkate mkavu bila kunung'unika.

Unasema utakuja Januari kwa kuwa hakuna joto na tiketi ni nafuu. Kweli, Januari kwetu ni raha. Lakini mwanangu, njoo Aprili, kwenye Mwaka Mpya wetu. Sababu nitakwambia. Kwanza nikujibu uliyoyauliza, maana wewe ni baba yako mtupu, usipojibiwa hulali.

Viza utaipata palepale uwanja wa ndege, beba tu picha ya pasipoti. Kutoka Vientiane panda treni, na tiketi ya sikukuu uiwahi mapema. Dawa ya mbu ya kupuliza usiibebe, ukaguzi wa stesheni hawairuhusu. Stesheni yetu iko mbali na mji, Sisuk atakufuata kwa pikipiki. Akianza habari za samaki wake, itikia tu.

Jua la Aprili ni kali, na moshi wa mashamba yanayochomwa milimani utakukereketa koo. Sikufichi. Lakini mji wetu siku hizo, mwanangu, sijui niusifu vipi. Sanamu ya Buddha inatolewa, watu wanaiosha kwa maji ya maua, na mimi mtu mzima hulia kila mwaka. Juzi tuliteremsha mashua za taa mtoni, mto ukawaka wote, na bado nakwambia Aprili ni zaidi.

Ukitoka nje utamwagiwa maji. Usikasirike, anayekumwagia anakutakia heri. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, na nguo nyeupe iache Lyon. Wazee hawarushiwi maji. Unawamiminia mikononi polepole, ukiwaomba radhi. Vua viatu mlangoni, usimguse mtu kichwa, hata mtoto. Sketi ya hekaluni nimeshakufumia.

Sasa sababu yenyewe. Kila Mwaka Mpya tunaketi kuzunguka sinia la maua, mzee anaziita roho za kila mmoja wetu, thelathini na mbili, zirudi mwilini, kisha tunafungana nyuzi nyeupe kwenye vifundo vya mikono. Asiyekuwapo huwekewa nguo yake. Baba yako alivuka mto kuikimbia nchi akiwa kijana, bila kuaga na bila kufungwa uzi. Tangu hapo Bibi hulilaza mkekani shati lake la shule na kulifunga uzi mkononi. Hata habari za msiba wake zilipotufikia, hakuacha. Majirani wakanong'ona kwamba maiti haitwi pamoja na walio hai. Akawajibu, "Nyie iteni za kwenu. Za mwanangu niachieni." Na shati hilo hajawahi kuniruhusu hata kulitia maji.

Aprili iliyopita alifunga uzi, ukateleza ukaanguka. Akafunga tena, ukaanguka tena. Sote tulikuwa tumeshikana viwiko kama ilivyo desturi. Bibi akalitazama shati, akasema, "Hamna mkono humu." Akalikunja akaondoka nalo. Tangu siku hiyo hakutaja tena sikukuu, nami niliogopa, mwanangu. Niliona kama amechoka na dunia.

Ndipo barua yako ikaja. Nilimsomea pale unapouliza kama atakupokea, kwa vile baba yako aliondoka vile, na kwamba unaogopa kukosea mila zetu. Alitafuna tambuu yake, akaingia chumbani, akarudi na lile shati na mkasi.

"Muulize mkono wake una urefu gani."

Nikamwambia, mama, sabuni umeikataa miaka yote, leo unataka mkasi?

"Kaka yako alikuwa mrefu kama mwanzi. Mtoto wa kike akilivaa litamfunika vidole. Uzi nitaufunga wapi?"

Nikajaribu kukutetea, nikamwambia uzi hufungwa hata Januari. Akasema shati lilishindwa Mwaka Mpya, na litavaliwa Mwaka Mpya. "Akitaka kuona ukungu aje Januari. Akitaka kuniona mimi, Aprili. Na hayo ya kukosea mwambie atakosea tu, hata wewe umezaliwa hapa na bado unakosea." Unaona ninavyoishi.

Nisalimie sana mama yako Phaivan na mdogo wako Anusa. Sisuk anakusalimu, anasema anza kuzoea pilipili mapema. Roho zako zote zikae nawe, isipotee hata moja katika mitaa ya ugenini.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye tangu kabla sijakuona,

Buakham

Tena: kipimo kianzie begani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tafadhali usichelewe kukituma. Mkasi ungali mapajani mwake.