Mawe Uliyoyaficha Migombani

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini leo utanisikia.

Siku ya kugawa vitu vyako baada ya matanga, baba mdogo Elisante hakutaka koti wala redio. Alichagua kipima mionzi chako, kile ulichokuwa ukitafutia madini kusini, kinacholia kikikaribia urani. Kesho yake akakizungusha shambani hapa Olmotonyi, na nyuma ya jiko, kwenye migomba ya mama, kikalia. Basi! Amechimba wiki mbili. Migomba minne imekwisha, na shimo limebakiza hatua tatu kufika kaburini kwako. Jumamosi alitaka tukuhamishe. Tukuhamishe, baba, kama kabati!

Mara tatu nimepanda kutoka kwangu Njiro kumweleza ulichonifundisha nikiwa darasa la sita, ukimwagia maji bakuli la mchanga mezani na mama akigomba. Kwamba urani huyeyuka kwenye maji yenye hewa, ikasafiri nayo ndani ya mawe ya mchanga mpaka yafike penye majani na magogo yaliyooza zamani, pasipo hewa. Hapo inashindwa kuendelea, inaganda. Kidogo kidogo, mamilioni ya miaka. Sasa huku Meru, kwenye majivu ya volkano ya juzi tu, itoke wapi?

"Mbona mashine inalia?" ananiuliza. Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli, kwa kuondoka kabla sijakuuliza.

Leo asubuhi nikakichukua kipima mwenyewe. Shimoni, kimya. Kwenye lundo la udongo aliotoa, kelele tupu. Nikavuta udongo kwa jembe, kikatokea kiroba kilichochanika: mawe yako ya kusini, yenye madoa ya njano, namba zikiwa kwa mwandiko wako. Yale ambayo mama alisema, "Yatoke nyumbani kwangu leo hii!" Ukaapa umeyarudisha ofisini. Kumbe uliishia nyuma ya jiko!

Mama amecheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha akalia, nami nikalia. Baba mdogo alishika koleo akaanza kufukia shimo.

Mawe yatakwenda kwa wataalamu wenye kazi yao. Migomba nitaipanda upya mwenyewe, yote minne.

Pumzika, baba. Hakuna atakayekugusa. Na kama kuna kingine ulichoficha, nitakipata, na nitakuja hapahapa kukugombeza.

Binti yako,
Neema