Tata, Injini Yako Haikuwa na Kosa

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Ni mimi Koku, mwanao. Naandika nikiwa chumbani kwangu Kashai, mikono bado inanuka dizeli.

Lori limepanda mlima, Tata. Ule mlima wa kabla ya Muleba, uliokushinda. Limepanda na mzigo wa ndizi, halikukohoa hata mara moja. Tangu jana natafuta mtu wa kumweleza, na kila ninayemfikiria si yule.

Nianze na Baba Mdogo. Baada ya matanga yako alileta mnunuzi wa vyuma chakavu pale nyumbani Ijumbi. Usimkasirikie. Majani ya migomba yalikuwa yamefunika boneti na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti chako. Mama alikwenda akasimama mbele ya lori, kanga kiunoni, mpaka yule mtu akaondoka. Ndipo nikaomba ruhusa kazini, nikalivuta kwa lile gari la mizigo ninaloliendesha mpaka gereji ya fundi Kamugisha, hapa Kashai.

Nilimweleza kama ulivyokuwa ukieleza wewe: kwamba lori ni la zamani, kwamba injini yake ya asili ilipokufa ulifunga nyingine yenye turbo, uliyoitoa kwenye lori lililopinduka. Kwamba tambarare lilikimbia vizuri, lakini mlimani, likiwa na mzigo, liliishiwa nguvu likazima. Nikamwambia na maneno aliyokucheka nayo Baba Mdogo mbele ya watu: "Kizee umekitia moyo wa kijana, ulitegemea nini?"

Fundi hakucheka. Aliitazama turbo, akaizungusha kwa kidole. Nzima. Akapima injini. Nzima. Kisha akafungua mpira wa dizeli unaotoka kwenye tangi, akaniambia nipige pampu ya mkono. Dizeli ikatoka kama machozi ya mtoto anayejilazimisha kulia.

"Dada, moyo hauna kosa," akasema. "Koo ndilo limeziba. Turbo inaleta hewa nyingi, dizeli ya kwenda nayo haifiki."

Tata, nilikaa chini palepale, kwenye oili chafu.

Tulibadilisha njia yote ya mafuta. Tangi lilikuwa limeoza kwa kutu ndani, tukaweka jingine. Ule mrija mwembamba wa shaba, uliobaki tangu injini ya kwanza, tukautoa tukaweka mpana. Pampu ya kuvuta dizeli mpya, chujio kubwa. Nozeli za kunyunyizia dizeli ndani ya injini zikapimwa, na pampu ya nozeli ikarekebishwa ili iongeze dizeli kadiri turbo inavyosukuma hewa. Injini yenyewe hatukuigusa. Ni ileile uliyoifunga kwa mikono yako.

Hicho ndicho kinachoniuma. Siku ile lilipozima mlimani na kahawa ya watu ikanyeshewa, uliliegesha kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, na hukuligusa tena. Ukawa unakaa tu barazani unalitazama. Nilipokuja kukuona ulikuwa tayari mgonjwa, ukaniambia, "Koku, niliharibu lori zuri kwa ujuaji wangu." Nikakuambia upumzike. Sikujua, wewe hukujua, na ukaondoka na neno hilo kifuani. Hukuharibu, Tata. Kazi ngumu yote uliifanya wewe. Ulibakiza mrija. Mrija tu, Tata.

Jana Baba Mdogo aliomba kupanda nami kupeleka ndizi Muleba. Tulipoanza kupanda alishika dashibodi kwa mikono miwili, akawa anasikiliza. Mimi pia nilikuwa nasikiliza. Nilibadili gia pale ulipokuwa ukibadili wewe, nikangoja lizime. Halikuzima. Tulipofika juu akasema, "Nilimcheka kaka yangu bure." Akageukia dirishani. Nikaendelea kuendesha. Msamaha ule haukuwa wangu kuutoa.

Jioni tukarudi Ijumbi. Mama alisikia mlio tangu mbali, akatoka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Aliutazama mlango wa dereva mpaka ulipofunguka nikatokeza kichwa mimi. Nikaona uso wake ukibadilika, nikatamani nisingekuwa mimi. Halafu akatazama kule ulikolala, kati ya migomba. Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Usizime kwanza," akasema.

Tukaliacha lingurume. Mama amesimama, Baba Mdogo amevua kofia. Sijui kama huko mlipo mnasikia kitu. Kama mnasikia, ule ulikuwa mlio wa kazi yako.

Majirani wameanza kuniulizia nafasi ya kahawa yao. Nakuahidi sitaliuza, wala sitaliacha lisimame kibanjani. Na kila atakayeniuliza nani aliifunga injini hii, nitamtajia jina lako lote, la ubatizo na la ukoo.

Pumzika, Tata. Acha kujilaumu.

Mwanao,
Koku