Pumzi za Faru

Kwako Mama yangu,

Shikamoo Mama. Magoti yanasemaje? Na Bibi, ameanza kula vizuri? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu nilikwambia niko salama nikakata haraka, kwa sababu ungejua kwa sauti yangu kwamba sivyo. Ukweli nina hofu tangu juzi, nikaona nikuandikie, nimpe barua dereva anayeshuka Karatu aipakie kwenye basi.

Unajua kazi yangu huku Ngorongoro ni kumsaidia daktari wa wanyama. Ni mama wa Karatu, mkali kweli. Juzi tulimlaza faru mwenye kidonda kibaya begani. Dawa ile ya usingizi inapunguza pumzi, na hewa ikipungua mwilini, misuli ndiyo inayoteseka. Mama, mnyama mzito kama gari dogo alitetemeka mapaja kama mtu mwenye malaria! Daktari alishanieleza: misuli ikikosa oksijeni inatetemeka, na kutetemeka kwenyewe kunamaliza hata ile kidogo iliyobaki. Akikaa chini muda mrefu, miguu aliyoilalia inaweza kufa, asiinuke tena.

Mimi nilipewa kushika mpira wa oksijeni puani mwake na kuhesabu pumzi zake kwa sauti. Mtoto wa Rufiji mimi, huku juu mpaka leo nahema, na nilikuwa nimetoka kubeba mtungi wa hewa hiyo. Nikahesabu. Nne, tano, sita. Daktari anashona. Mara nikagundua mkono wangu pale puani hausikii joto lolote. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe.

"Daktari, hapumui!"

Akaacha uzi, akamchoma sikioni sindano ya kumwamsha. Tukangoja, Mama, nikadhani nimeua. Ndipo akavuta pumzi moja ndefu. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa, akakaa kitako kama mbwa. Mara ya tatu akainuka, akaondoka akiburuta mguu mmoja.

Wenzangu wakanipongeza kwa kuwahi kuona. Daktari naye: "Uko makini, mdogo wangu." Nikajifanya nakunja mpira. Niliona aibu, lakini woga ulizidi aibu.

Leo asubuhi tumemkuta bado anachechemea. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia daktari yote.

"Ulihesabu ngapi ambazo si zake?"

"Sijui, Daktari."

Moyoni nikaomba anifukuze. Kweli kabisa. Nirudi tulime mihogo, nisiushike tena mpira ule maishani.

"Kesho kuna mwingine," akasema. "Mpira utashika wewe."

Msalimie Bibi, Mjomba Seif wa mashine ya kusaga, na dada Zuhura na kichanga chake. Habari za faru usiwaambie, waambie nimenenepa.

Barua hii ikikufikia, hiyo kesho itakuwa imeshapita. Niombee hivyo hivyo, Mama.

Mwanao mwenye hofu,
Mwanahawa