Robo ya Viazi Kumi na Viwili

Kirolirwe, Jumanne jioni

...na bado nasikia darasa lile likicheka. Nakumbuka hata harufu ya chaki, na ukungu ukiingia dirishani kutoka malisho ya ng'ombe. Niliyapenda maisha yale ya ualimu.

Siku moja nilimwaga viazi kumi na viwili mezani, nikamwita mbele msichana mmoja, Furaha. "Nipe robo yake." Alitenga vinne pembeni, vinane vilivyobaki akavigawa mafungu manne, akanipa viwili. Nilimwita mjinga, nikamchapa fimbo mbele ya wenzake. Kesho yake hakurudi shuleni, wala baadaye.

Sikumuuliza vile vinne vilikuwa vya nini.

Leo amekuja kuniona, naye sasa ni bibi mwenye mvi, na kikapu cha viazi kichwani. Sina siku nyingi, basi nikamuuliza.

"Ile viazi ine ilikuwa ya mbegu, Mwalimu. Kwetu mama alikuwa anatoshaka mbegu kwanza, anaweka pembeni, njo tunagawanya. Weye ulisema robo, haukusema kama hatutapanda tena."

Nilimwomba msamaha. Akanishika mkono.

"Nilishakusamehe zamani, Papa. Lakini ile fimbo, eh! Ilikuwa na nguvu kuliko hesabu yako."

Tulicheka mpaka nikakohoa.

Alipoondoka, binti yangu alichukua kikapu kwenda kupika. Nikamwambia atoe vya mbegu kwanza. Alinitazama, maana anajua kama mimi kwamba msimu wa kupanda sitauona. Kisha akakaa chini, akaanza kuvichagua.