Goti Langu na Kura ya Bryony

Jumatatu, 15 Aprili

Goti: linauma asubuhi, mchana nafuu. Ngazi nimepanda bila kushika ukuta. Mama wa mazoezi pale hospitali kanipa daftari hili niandike habari za goti, basi, mpaka mwezi wa sita. Goti lenyewe halina habari za kujaza daftari. Naandika na mengine. Yeye nitampa kurasa nitakazochagua mwenyewe.

Leo nimejiaibisha. Nimemfokea Janine wa posta mlangoni. Kaleta rundo zima – matangazo ya piza, ya madirisha, karatasi ya diwani Pryce na meno yake yote, na bahasha nene ya halmashauri. Nikamwambia kama hana kazi aende kwao akalale. Maskini, akajibu yeye analeta tu, hasomi. Mvua inamnyeshea na mimi nimesimama mlangoni nabwata na soksi zangu.

Barua za halmashauri sifungui tena. Tangu waseme wanataka kuvifunika lami vishamba vyetu vya Mill Lane tunavyokodi kwao, wapate maegesho ya magari, nimeapa. Rundo lote nikalibeba shambani, nikalichanachana, nikalitia kwenye mboji. Karatasi inasaidia sana mboji, inakausha majimaji ya maganda. Nikasikia raha. Halafu nikamkumbuka Janine, raha ikaisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Goti: limevimba kidogo. Kosa langu, nimetembea mno.

Tumebisha hodi Mtaa wa Chapel wote, mimi na Bryony, mke wa mwanangu. Alec mwenyewe yuko kazini baharini kwenye mitambo ya mafuta mpaka Juni, kwa hiyo mimi ndiye mpambe. Bryony ni mpishi wa shule, hajawahi kugombea hata uongozi wa kwaya. Mimi ndiye niliyemsukuma. Mwezi wa kwanza nilimwambia, simama wewe, mwanangu, Pryce anayetaka lami hajapata mpinzani miaka yote hii, na kura ya kwanza ndani ya sanduku itakuwa yangu. Alikataa mara tatu. Nikamwambia, na mama yako Edna je? Majivu ya Edna, marehemu mke wangu, tuliyamwaga pale shambani chini ya mtufaa wake. Kesho yake akachukua fomu. Sikufanya vizuri kumtumia Edna namna hiyo, lakini nilimtumia.

Anaona haya milangoni. Anasema samahani kabla mtu hajafungua. Mimi nasema kwa niaba yake. Nawafundisha watu: kituo ni ukumbi wa kanisa, mwisho saa nne usiku, njoo na kitambulisho chenye picha, hata pasi ya basi ya wazee inatosha. Usipoleta wanakurudisha.

Clem Tordoff, jirani yangu kule vishambani, alikuwa anaosha gari lake. Akasema kura yake ameshaituma kwa posta, tangu jana. Nikamcheka mbele ya watu. Nikamwambia kura ya posta ni ya wavivu na wagonjwa, mwanamume anavaa koti anakwenda mwenyewe. Clem akasema haya, mzee wa koti, tutakuona. Bryony akanivuta mkono: “Baba, tusiwatukane wanaotupigia kura.”

Jumapili, 28 Aprili

Goti: zuri.

Bryony kaja na nyama ya kuoka na mchuzi. Hali chakula vizuri siku hizi, kakonda. Anasema usiku anaota amepata kura moja tu, ya kwangu. Nikamwambia basi moja unayo, tunatafuta nyingine. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 30 Aprili

Goti: zuri. Nimepiga pasi suti.

Alhamisi, 2 Mei

Goti: sijui. Sikulisikia leo.

Naandika yote, kurasa hizi hataziona mtu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa ukumbi wa kanisa, suti, tai aliyoninunulia Edna, viatu vinang'aa. Clem yuko mlangoni na ua la utepe wa zambarau, alama ya kampeni ya Bryony, kifuani, kazi yake kuwauliza watu namba zao wanapotoka, ili tujue nani wetu bado hajaja. Akanipigia saluti. Ndani kuna foleni, watu sita hivi, na mbwa wa akina Fearnley amelala katikati ya mlango kama kawaida yake. Mezani ni Mavis Utley, tuliimba naye kwaya. Nikampa pasi ya basi. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaweka rula kwenye daftari la wapiga kura, akaishusha mpaka kwenye jina langu.

“Wilf, wewe una kura ya posta.”

Nikamwambia angalia vizuri, huyo Sugden mwingine. Akasema Sugden ni mmoja. Nikapandisha sauti. Nilisema mimi tangu nina miaka kumi na minane napiga kura humu humu, sijawahi kuomba posta, hayo ni mambo ya halmashauri na fitina zao. Foleni yote ikanigeukia. Mavis hakupandisha yake. Akasema taratibu, “Uliomba mwezi wa pili, Wilf, ulinieleza mwenyewe. Kwa ajili ya goti.”

Nikakumbuka. Mungu wangu. Upasuaji walinipangia wiki hii hii ya uchaguzi. Nilijaza fomu mezani kwangu, kwa mkono wangu, sahihi na tarehe ya kuzaliwa, nikaituma. Halafu hospitali wakaniita mapema, mwezi wa tatu, nikapona, nikasahau kabisa. Na bahasha nene ya halmashauri – nilijua iko wapi.

Mavis akainama karibu. Akasema, kura haijapotea, sikiliza. Kama unayo bahasha, iendee, jaza, uilete hapa kabla ya saa nne usiku. Kama imepotea, nenda ofisi ya uchaguzi mjini na kitambulisho, watakupa nyingine, ila kabla ya saa kumi na moja jioni. Humu siwezi kukupa karatasi, ukishaandikishwa posta ni posta. Mtu nyuma yangu akakohoa. Nilihisi masikio yanawaka moto.

Nikatoka. Clem akauliza, “Haya, mzee wa koti, umeshatumbukiza?”

Nikasema, “Nimeshatumbukiza.”

Nikamtajia namba yangu, akaiandika.

Na hapo hapo, ndiyo maudhi yenyewe, Bryony anateremka kwenye gari na chupa ya chai. Clem anapaza sauti, baba mkwe wako ameshapiga kura yake! Akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema, “Nilijua, baba.” Nikanywa chai yake.

Nilikwenda shambani na suti. Nikapiga magoti kwenye mboji, nikachimba kwa mikono. Karatasi nilizipata. Kipande chenye nembo ya halmashauri, kipande cha maelekezo, “weka alama X moja tu”, na kipande kilichoandikwa RYO, kimelowa, kimeshaanza kuwa udongo, mnyoo umepita katikati. Nilikaa pale chini ya mtufaa wa Edna na suti imechafuka, nikalia kidogo. Sikumwambia Edna kitu. Angecheka kwanza, halafu angenipeleka mjini kwa kunishika sikio.

Basi nikajipeleka. Nikanawa, nikapanda basi la saa tisa. Ofisi ya uchaguzi iko chini, mlango wa vioo, wazi, binti mmoja kwenye kaunta. Rahisi kabisa. Na mbele ya kaunta amesimama diwani Pryce, ameegemea, anapiga soga na mzee mwingine wa chama chake. Akaniona kupitia kioo. Akasema kwa sauti, karibu, bwana Sugden, umekuja kutufundisha kupiga kura? Wakacheka. Si kwa ubaya, nadhani. Mtu anatania tu.

Ningeingia. Ningesema, nimeipoteza yangu, nipeni nyingine. Maneno manne. Pryce angeyasikia, kesho yangekuwa mtaa mzima: mzee aliyewacheka wenzake kaichana kura yake mwenyewe akaitia mbolea. Na Clem angejua kuwa nimemdanganya. Nikasema, hapana, napita tu. Nikaenda kukaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, nimsubiri atoke.

Alitoka. Niandike ukweli: alitoka mapema, muda ulikuwa bado upo, wa kutosha na kubaki. Akanipungia mkono akaondoka. Na mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa namwona yule binti ndani anakunywa kahawa yake. Niliwaza atauliza imepotea vipi. Niliwaza ataandika mahali. Niliwaza, kura moja bwana, kura moja haijawahi kumwangusha mtu. Nilijiambia nitainuka basi lijalo likipita. Yakapita mabasi. Saa ya mnara ikagonga kumi na moja na binti akaja kufunga mlango.

Nina miaka sabini na mbili. Nimezibua mabomba ya mji mzima, nimeingiza mikono kwenye vinyesi vya watu wasionijua, sikuona haya. Leo nimemwonea haya binti wa kaunta.

Ijumaa, 3 Mei

Naandikia chooni, ukumbi wa michezo. Ndipo wanapohesabia.

Bryony alikuwa na nafasi ya kuja na mtu mmoja, akanileta mimi. Nilimwambia goti linauma. Akasema basi utakaa, kiti kipo. Amevaa gauni la harusi ya binamu yake.

Tumeona masanduku yakimwagwa mezani. Kura za posta zilishachanganywa na nyingine. Wanazipanga mafungu, wanayafunga mpira, mafungu ya Pryce huku, ya Bryony huku, yanakua pamoja. Nilianza kutokwa jasho nilipoona yanakua pamoja.

Mia sita kumi na moja, Pryce. Mia sita kumi na moja, Bryony.

Wakahesabu upya. Pryce aliomba. Ni hivyo hivyo. Bryony akaomba na yeye. Wakahesabu tena, karatasi moja moja, mbele ya macho yetu. Ni hivyo hivyo.

Msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mpole mwenye miwani, akawaita wote wawili. Akasema sheria ni kura ya bahati. Majina mawili, bahasha mbili zinazofanana, ndani ya sanduku tupu la viatu, yeye atachomoa moja bila kutazama. Atakayechomolewa anaongezewa kura moja, ndiye diwani. Pryce akacheka kicheko kikavu. Akawa mweupe kama shuka.

Miaka minne ya Mill Lane, vishamba vyote, mtufaa, Edna, vimo kwenye sanduku la viatu. Na kura moja iliyokosekana najua ilipo.

Bryony akaja kwangu anakimbia. Akanishika mikono yote miwili. Machozi yanamtoka na anacheka. Alisema, “Baba, unaona? Kura yako. Ingekosekana ile yako moja ningekuwa nimeshaanguka saa hizi. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa.”

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Nikasema naomba nikajisaidie kwanza.

Wanamsubiri Bryony. Amekataa wasichomoe mpaka nirudi nisimame naye, kawaambia mimi nina mkono wa heri. Msimamizi kakubali, dakika chache. Clem naye yuko huko nje kwenye kioo na wenzake wote wa vishamba, wamevua kofia.

Namsikia Bryony mlangoni. Anagonga kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama alivyokuwa akibisha hodi Mtaa wa Chapel. “Baba, uko salama? Ni goti?”

Nimemjibu ndiyo, mwanangu, ni goti.

Goti halina neno.