Wahunzi Katika Safu ya Nyuma

Jumamosi, 10 Mei 1924

Baba karudi kutoka sokoni Tsivilsk. Kamuuza kondoo dume, kalipwa fedha. Fedha yenyewe, si karatasi! Sarafu saba za nusu rubli. Alizimwaga mezani, Mama akaacha kukanda unga. Mlio ule sijausikia tangu vita ianze, nikiwa na miaka tisa. Upande mmoja kuna mhunzi na nyundo yake. Tai wa mfalme, yule wa sarafu za zamani, hayupo. Mwaka jana bei ya kiberiti ilifika mamilioni ya rubli za karatasi; noti hizo nimezibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la harusi.

Saba. Na hushpu ya Mama, kofia ya sarafu nitakayovikwa nikiolewa, ina mapengo saba safu ya nyuma. Sarafu zake za tai aliziuza mwaka wa njaa kwa gunia la unga. Nimetazama mapengo, nikatazama meza. Baba akazitia mfukoni. Za fyekeo jipya na chumvi, basi.

Jumanne, 13 Mei

Yakur, anayetaka kunioa, kapita uani, kajifanya anatafuta bata. Mama yake, Hvekla, anakuja Jumapili kuikagua hushpu. Kasema wazi: bibi harusi mwenye kofia ya mapengo haingii kwake. Nikamweleza Yakur habari za mhunzi. Akacheka. "Mama anataka tai, Praski. Akimwona mtu wa nyundo atadhani kaja kumvalisha farasi viatu." Mimi sikucheka. Nampenda, na zimebaki siku tano.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefanya ujinga. Nilikuwa na sarafu saba za kopeki ishirini, pesa zangu za mayai. Nikazitoboa, nikazishona, nikaitikisa hushpu. Mama akaingia na ndoo, hata hakutazama. "Hiyo si fedha, hiyo ni sufuria." Kweli — hizi ndogo zina fedha nusu tu, mlio wake mzito. Na hushpu inavaliwa isikike, kijiji kijue nani anapita. Nimezifumua. Duka la ushirika limezikataa: ikishatobolewa si pesa tena. Mayai ya majira yote ya baridi. Nililia.

Ijumaa, 16 Mei

Mama kamwambia Baba kila kitu. Baba kazitoa zile saba, kazipanga mezani, kakunja uso. Anasema fedha ilishapotea mara moja, kila mtu akaifukia. Ikipotea tena, majani ya ng'ombe tutayakata kwa meno?

Mama kaleta nyundo na msumari, kaviweka mbele yake. "Tai niliwauza mimi, na sikukuuliza. Hawa watoboe wewe."

Baba akatoboa mwenyewe, zote saba, taratibu, juu kidogo ya kichwa cha mhunzi. Fyekeo la zamani atalinoa. Nimeshona mpaka vidole vikauma, na nina furaha.

Jumapili, 18 Mei

Naandika ghalani. Hvekla yuko ndani na Mama.

Aliipokea hushpu, akaigeuza, akawakuta wahunzi. Akauliza tai wako wapi.

"Tuliwala," Mama akasema.

Nikadhani yameisha. Hvekla akaisogeza sikioni, akafumba macho, akaitikisa. Mara ya pili. Mara ya tatu, polepole. Halafu akavua shali yake. Sijawahi kumwona bila shali, hata Julai. Safu ya nyuma ya hushpu yake ni bati tupu, vipande vilivyokatwa mviringo kwa mkasi. Akainamisha kichwa Mama aone. Mimi nikatoka, niliona haya kutazama.

Ila ukuta huu mwembamba. Anauliza huyo mnunuzi wa kondoo anakaa upande gani wa soko, na kama wahunzi wamemwishia. Juu yangu na Yakur hajasema neno bado. Sasa wanacheka, wote wawili. Mama ananiita — nilete uzi, na sindano mbili, moja ya hushpu ya Hvekla.